Jinsi ya kupata chanjo za Hija ukiwa Mwanza, na kuchomwa mara moja tu

Mama yangu amechomwa sindano ya homa ya uti wa mgongo mara mbili ndani ya miaka minne, na ile ya pili mwili wake haukuihitaji. Ilihitajika kwa sababu ya neno moja ambalo nesi wa kwanza hakuliandika. Msimu wa 2025 umeisha, mahujaji wetu wamerudi na zamzam zao, na wanaojiandaa kwa 2026 wana muda wa kutosha wasilipie kosa nililolipia mimi. Hija ya 2026 inaangukia mwishoni mwa Mei, kwa hiyo hesabu zenu zirudi nyuma kutoka hapo.

Mambo ya pasipoti, picha na malipo ya kundi mnayajua, nayaruka.

Toa kadi ya zamani kabatini kwanza

Watu wengi huanza na swali la "wanachoma wapi?" Mimi pia nilianzia hapo, nikapoteza siku mbili. Anza na ile kadi ya njano, yaani cheti cha kimataifa cha chanjo, iliyolala kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja. Huenda nusu ya kazi imeshafanyika.

Homa ya manjano: kama kundi lenu linaidai na mzee wako alishachanjwa, hata kama kadi yake inasema inaisha baada ya miaka 10, achana nayo. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano kinatambuliwa kwa maisha yote, na cha kabla ya hapo pia. Akikwambia mtu "hii imekwisha muda, lipia nyingine", mwonyeshe hiyo tarehe kwa upole. Na kama mzee ana miaka 60 na kuendelea na hajawahi kuchanjwa hiyo sindano maishani, asichomwe kienyeji tu kwa kuwa foleni imemfikia. Kwa umri huo hatari ya madhara makubwa huwa juu zaidi, kwa hiyo aonwe na daktari kwanza.

Homa ya uti wa mgongo ndiyo iliyonichoma mimi. Saudia wanadai chanjo ya ACWY, yaani inayokinga makundi manne ya kimelea hicho, na iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika kule. Hapo kila mtu anajua. Kisichosemwa ni kwamba chanjo hiyo iko ya namna mbili. Ya polisakaraidi inahesabiwa miaka 3. Ya konjugeti inahesabiwa miaka 5. Na kama kadi haisemi ni ipi, wanaichukulia kuwa ya miaka 3, hata kama aliyechoma anakumbuka boksi lilikuwa na rangi gani.

Mama alichanjwa Machi 2022 akienda Umra. Konjugeti. Nakumbuka kwa sababu nililipa mimi na niliambiwa ndiyo ya gharama. Kwenye kadi yake wameandika "Meninjitisi", tarehe, sahihi, muhuri wa bluu uliofifia. Basi. Ilipofika Hija yake ya Juni 2025, ilikuwa imeshapita miaka 3 na haijafika 5, yaani mama alikuwa amekingwa lakini kadi yake haikuwa na uwezo wa kulithibitisha hilo.

Nilirudi kwenye kliniki ile, ya binafsi, siitaji. Siku ya kwanza nikaambiwa rejista ya 2022 iko stoo. Siku ya pili nikaambiwa stoo ina ufunguo mmoja na mwenye ufunguo yuko likizo. Siku ya tatu yule binti wa mapokezi, ambaye kwa sasa tumeshazoeana kiasi cha kuulizana habari za nyumbani, akaniambia niandike barua. Nikapiga hesabu ya nauli za kutoka Buhongwa, nikapiga hesabu ya siku zilizobaki, nikalipa sindano upya. Bei yake unapata mbuzi mzuri wa mnadani na chenji ya majani yake. Kadi ya bima haikusaidia kitu, kwa hiyo nenda na hela yako.

Usiinuke kwenye kiti kabla hajamaliza kuandika

Piga simu kwanza, uliza mambo mawili: chanjo ipo leo, na je, wanajaza na kugonga muhuri kwenye kadi ya njano au wanakupa risiti tu? Hili la pili ndilo la maana. Risiti ya duka la dawa au karatasi yenye nembo ya hospitali siyo cheti cha kimataifa. Kama wanakochoma hawana kadi, itabidi uende na vielelezo kwa maofisa wa afya wa mipakani, na wao wana haki ya kukataa wasichokiona kimekamilika. Kama unatoka Nansio au Sengerema, simu hiyo ni lazima. Usifunge safari kwa matumaini. Chanjo ya homa ya manjano, kwa mfano, huja kichupa cha dozi nyingi na kikishachanganywa hakitumiki zaidi ya muda wa saa sita, ndiyo maana utaambiwa "tunasubiri mfike wengi". Hapo hawakunyanyasi, wanaokoa dozi.

Sasa mko ndani. Mama kakaa, kanyoosha mkono, nesi kamwambia "Shikamoo mama, legeza bega", kachoma, kamaliza. Mama tayari anatafuta ushungi wake. Hapa ndipo mwaka 2022 nilishukuru na kuondoka. Safari hii niliweka kidole kwenye kadi.

"Sista, samahani, na aina?"

"Nimeandika, kaka. Hiyo hapo."

"Umeandika ugonjwa. Naomba na neno konjugeti, na namba ya bachi."

Akanitazama kama mtu aliyeombwa namba ya siri ya simu yake. Mama akaingilia: "Mwandikie tu mwanangu, huyu asipoandikiwa tutalala hapa." Akaandika. Boksi lilikuwa bado mezani, tukalinganisha namba herufi kwa herufi.

Kagua kabla ya kuinuka: jina lifuate pasipoti, majina yote na kwa mpangilio uleule (la mama lilikuwa limeachwa jina la babu, likarekebishwa kwenye kadi mpya kwa sababu kadi iliyofutwafutwa inatia shaka), namba ya pasipoti, tarehe yenye mwezi ulioandikwa kwa herufi, maana 5/6 kwa mwingine ni Mei na kwa mwingine ni Juni, jina na aina ya chanjo, mtengenezaji na bachi, sahihi, muhuri unaosomeka. Muhuri wao ukiwa umekauka, omba wauloweshe wino. Piga picha kadi hapohapo.

Chanjo ya mafua, au jinsi nilivyonunua sangara

Kwa hujaji mzee, mwenye kisukari, presha au pumu, chanjo ya mafua ya msimu inashauriwa sana. Milioni ya watu wakikohoa kwenye mahema ya Mina siyo mchezo. Hii haipo kwenye ratiba ya kawaida ya kliniki zetu, utaitafuta hospitali binafsi na maduka makubwa ya dawa. Ichomwe wiki mbili au zaidi kabla ya safari, maana kinga inachukua muda huo kujengeka. Na inarudiwa kila mwaka, kwa sababu virusi vinajibadilisha na Shirika la Afya Duniani hupanga upya kilichomo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa Kizio cha Kaskazini, Septemba kwa Kizio cha Kusini. Boksi lililoandikwa miaka miwili, kama 2024/2025, ni la kaskazini. Lililoandikwa mwaka mmoja, kama 2025, ni la kusini. Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, tunaweza kuletewa lolote. Usizunguke mji mzima ukitafuta kizio, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na uchukue lililo hai. Na usishangae ukiona aina tatu badala ya nne zilizozoeleka. Ile ya nne, B ya Yamagata, haijathibitishwa kuonekana popote tangu Machi 2020, wakaiondoa.

Kosa langu lilikuwa hili: niliipata duka moja la dawa ambalo halichomi, nikainunua nikampelekee nesi kwingine. Jua kali, nikapita Mwaloni Kirumba, nikaomba barafu ya samaki, nikaifukia sindano katikati kama sangara wa kwenda Nairobi. Nilijiona mjanja. Nesi alifungua mfuko, akanusa, akainua ile sindano, akaiweka chini.

"Kaka, umeleta chanjo au kitoweo?"

Chanjo hii inakaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda imekufa, hata ukiiyeyusha ikarudi kuonekana ileile. Iliishia kwenye ndoo ya taka. Nunua palepale wanapochoma, itoke kwenye friji lao ikiingia mkononi mwa mzee.

Ya uti wa mgongo na ya mafua zinaweza kuchomwa siku moja, mikono tofauti. Sisi tulifanya hivyo ili tusirudi, na usiku mama akakosa ubavu wa kulalia. Kama siku zipo, mpe mapumziko katikati.

Baada ya sindano

Kaeni dakika 15 pale benchi. Nusu saa kama mzee amewahi kupata mzio. Wengi wanaondoka kuwahi daladala, lakini ule mzio mbaya, wa kuvimba midomo, kubanwa pumzi na vipele vya ghafla, ukija huja mapema, na ni bora ukukute kwa nesi kuliko kituo cha Nyegezi. Ukitokea nyumbani, ni hospitali moja kwa moja, siyo maziwa.

Yaliyo ya kawaida: mkono kuuma na kuvimba kidogo, uchovu, kichwa, homa ndogo, hamu ya kula kupotea. Huanza ndani ya siku moja, kwa kawaida huisha ndani ya mbili au tatu. Kitambaa chenye maji baridi juu ya mkono, na mkono utumike taratibu, usifungwe kanga kama umevunjika. Shangazi alikuja na maji ya moto na mafuta ya kuchulia, tukamshukuru tukayaweka pembeni. Mama alikunywa uji wa ulezi na supu ya sato, akalala.

Dawa ni panado: vidonge 2 vya miligramu 500, vikirudiwa baada ya saa 6 kama bado anaumwa, na visivuke 8 kwa siku nzima. Usimmezeshe kabla ya sindano eti kujihami. Angalia pia zile dawa za mafua za pakiti, nyingi zina panado ndani, ukichanganya unampa dozi mbili. Na diklofenaki, ambayo huku tunaimeza kama karanga, mwenye presha au figo asipewe bila daktari. Dawa zake za kila siku aendelee nazo.

Siku ya nne jioni mama akaanza kutetemeka. Blanketi mbili, meno yanagongana. Nyumba nzima ikatoa hukumu: chanjo. Wifi akasema alijua tu. Lakini homa ya chanjo haisubiri siku nne ndiyo ije na baridi, na chanjo ya mafua yenyewe ni virusi vilivyouawa, haina mafua ya kumpa mtu. Tukachukua bajaji hadi kituo cha afya, akatobolewa kidole, dakika 20 majibu yakatoka: malaria. Akapewa mseto, vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta. Siku ya pili alikuwa anagombana na wifi kuhusu chumvi. Huku kwetu ziwani homa yoyote inayopanda sana, inayovuka siku mbili, au inayokwenda na kurudi, pimeni malaria siku hiyohiyo.

Kadi ya mama sasa inasoma konjugeti, safi hadi 2030. Ya mafua itabidi arudie akipata safari nyingine. Ameshasema siku hiyo atakwenda na wifi, mimi nina maneno mengi mbele ya manesi.