Unakuja Kigoma na familia? Soma hii kabla hujalipia chumba

Kila likizo ya mwezi wa sita na ya Disemba ikikaribia napigiwa simu zinazofanana, dada tunakuja Kigoma na watoto na mama mkwe, tufikie mtaa gani? Na wengi wakinipigia wanakuwa wameshaona picha ya jua linazama ziwani, milima ya Kongo ile kule ng'ambo, wameshaipenda hoteli yenye ile picha na wanachotaka ni mi niseme sawa njooni. Sisemi sawa haraka. Nauliza kwanza, mkubwa kuliko wote kwenye msafara ana umri gani na mdogo kuliko wote ana umri gani, afu magoti ya huyo mkubwa yakoje. Hao wawili ndo wachague mtaa. Nyie wengine mtalala popote tu, lakini bibi akishindwa kupanda mlima wa kurudi chumbani au mtoto wa miaka miwili akikosa uji saa moja asubuhi, safari nzima imeharibika.

Ili unielewe lazima ujue mji ulivyokaa. Kigoma Ujiji ni manispaa moja lakini ukifika utaona ni sehemu kama tatu zimefuatana kwenye barabara moja. Chini kabisa kwenye maji ni Kigoma mjini, kuna stesheni ya reli, bandari, benki na maofisi. Kutoka pale barabara inapanda, inapanda haswa siyo utani, unafika Mwanga kwenye soko kubwa. Ukiendelea mbele, kilomita kama nane hivi kutoka stesheni, unaingia Ujiji mji wa zamani. Pembeni sasa, ukifuata ziwa upande wa kusini unapata Bangwe na Katonga, na upande wa kaskazini kuna Kibirizi. Daladala zinapita hiyo njia ya Kigoma, Mwanga na Ujiji kutwa nzima, na bajaji na boda zipo kila kona. Kwa hiyo kukaa mtaa mmoja hakukunyimi mtaa mwingine, ila kuna mitaa ambayo usiku ukihitaji dawa ya mtoto utatoka na kuipata, na kuna mitaa utasubiri kuche.

Maoni yangu nayasema wazi, familia yenye watoto wadogo au mzee ilale Mwanga. Ziwa mlishukie mchana. Najua Mwanga haina picha nzuri, ni soko, maduka, vumbi la kiangazi na tope la masika, lakini kila kitu familia inachokihitaji kiko hatua chache. Duka la dawa lipo, maziwa na mkate wa asubuhi upo, mama lishe wapo na wanapika mapema, bajaji unaipata hata usiku, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni haiko mbali. Na hili la hospitali msilichukulie poa, Kigoma ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, mtoto akipata homa saa tano usiku unataka uwe mahali unaweza kutoka na kufika, siyo huko kwenye ufukwe mzuri ambako dereva mpaka aamshwe.

Halafu kuna chakula. Ukiwa Mwanga na nyumba yenye jiko unashuka sokoni asubuhi unanunua migebuka, dagaa, mawese, ndizi, unga wa muhogo, unapika mwenyewe na bibi anakula anachokijua. Ndo maana familia ya watu watano na kuendelea nawashauri wapange nyumba ndogo au apatimenti badala ya vyumba vitatu vya gesti, gharama inashuka na watoto wanapata sebule ya kuchezea. Ila samaki wana msimu wake, mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo kama unakuja miezi ya katikati ya mwaka na umewaahidi watoto migebuka kila siku, muulize mwenyeji kwanza kama ziwa limefungwa.

Shida ya Mwanga ni kelele. Baa zipo, spika za maduka zipo, na barabara kubwa haijui Jumapili. Dawa yake ni kuingia ndani mitaa miwili mitatu kutoka barabarani, pale unasikia kuku na adhana tu, na bado unatembea dakika chache kufika sokoni. Usikubali nyumba iliyo barabarani kabisa hata kama bei imeshuka, na usikubali iliyo bondeni sana kama bibi hawezi kupanda, maana Kigoma ni vilima tu na mtu akikwambia ni karibu anapima kwa miguu yake yeye.

Kigoma mjini kwenyewe pana wakati wake. Kama mnakuja na treni, usiku wa kwanza laleni huku huku chini. Treni kutoka Dar inakata nchi nzima kupitia Dodoma na Tabora, zaidi ya kilomita 1,200, mnalala humo ndani, na ikichelewa inachelewa kweli, inaweza kuwashusha usiku wa manane watoto wamelala mabegani na mabegi sita. Saa hizo hutaki kuanza kutafuta nyumba mtaa usioujua. Mnalala jirani na stesheni, asubuhi mnaoga, mnakunywa chai, ndo mnahamia Mwanga mchana kweupe. Na hata kurudi ni hivo hivo. Watoto wakiamka waonesheni jengo lenyewe la stesheni, ni la enzi za Mjerumani, reli ilifika hapa 1914, na hapo bandarini ndo iliunganishwa ile meli ya Liemba ambayo ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani, wakaizamisha wenyewe Wajerumani 1916 isichukuliwe na adui, Waingereza wakaja kuiibua 1924 na 1927 ikarudi kazini kwa jina hilo la Liemba. Mtoto wa darasa la tano akisikia hiyo hadithi akiwa amesimama anaiangalia bandari, hasahau. Lakini kukaa wiki nzima pale chini na watoto sikushauri, ofisi zikifungwa panapoa mapema, na kila mkitaka soko la maana mnapanda.

Ujiji ni habari nyingine na mi naipenda sana. Ni mji wa Waswahili wa muda mrefu, njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilikuwa inaishia hapa ziwani, biashara ya pembe na ya watumwa pia, ni historia nzito na watoto wakubwa wanafaa kuijua wakiwa papo hapo. Hapo ndo mwandishi wa habari Stanley alimkuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyekuwa anamtafuta, 1871, makumbusho ipo, na miembe ipo, inasemekana ni chipukizi la ule mwembe wenyewe waliokutania chini yake. Kwa kutembea mchana, nusu siku inatosha. Kwa kulala, Ujiji inafaa kama una ndugu pale au kama familia yenu inapenda utulivu, nyumba za chini zisizo na ngazi, watu wanasalimiana mtaa mzima na watoto wanacheza nje jioni majirani wakiwaangalia. Mzee asiyeweza vilima Ujiji inamfaa kuliko hata Mwanga, maana huku kumetulia kidogo kwa upande wa milima. Ila mjue mko mbali na stesheni na benki, na mtaa una heshima zake, kina mama mvae khanga mkitoka, na suala la bia msilipeleke barazani kwa watu.

Bangwe na Katonga ndo zile picha. Hoteli zenye mandhari ziko upande huo, na mbele kidogo kuna ufukwe wa Jakobsen, maji meupe unaona mpaka miguu yako, kuna kiingilio. Nyie ni wawili na vijana wenu wakubwa, nendeni mkalale huko bila wasiwasi. Mna mtoto mdogo au mzee, nendeni kwa siku tu, asubuhi mpaka saa kumi, afu rudini. Daladala ya Katonga itawaacha njia panda na kutoka pale ni kutembea, kwa hiyo kwa familia chukueni bajaji na mpatane kabisa bei ya kwenda na kurudi na saa ya kufuatwa, namba ya dereva muwe nayo. Na maji jamani, ziwa hili lina kina cha mita zaidi ya 1,400, kuna sehemu ukiacha ukingo tu linashuka ghafla, mtoto asiingie bila mtu mzima aliyeshika mkono wake, siyo aliyekaa anachati. Maeneo ya kando ya vijiji kichocho kipo na mamba wanaonekana sehemu sehemu, ulizeni wenyeji wa pale pale kabla ya kuogelea, wavuvi wanajua kila jiwe.

Nyumba yoyote iliyo kando kabisa ya maji uliza swali moja la ziada, ziwa lilipopanda maji yalifika wapi? Maana 2020 na 2021 lilipanda likaingia kwenye nyumba na magati ya watu, na 2024 likapanda tena. Mwenye nyumba mkweli atakuonesha alama ukutani.

Kibirizi watu wanataka kulala kwa sababu boti za kwenda upande wa Gombe, ile hifadhi ya sokwe, zinaondokea huko. Hakuna haja. Boti za abiria kwa kawaida zinaondoka mchana, kutoka Mwanga mnafika kwa bajaji bila kukimbizana, na Kibirizi usiku na watoto ni harufu ya dagaa na mizigo. Nendeni kushangaa dagaa wanavyoanikwa, inatosha. Na kabla hamjawaahidi watoto sokwe, piga simu hifadhi uulize umri unaoruhusiwa, wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni, na hilo linabadilisha mpaka idadi ya siku mtakazokaa na nani abaki mjini na nani. Masanga kwenye stendi ya mabasi ni pa kushukia, laleni tu kama basi lenu linaondoka alfajiri sana.

Sasa simu kwa mwenye nyumba. Usianze na bei. Anza na salamu kama ilivyo kawaida yetu, shikamoo mama, habari za huko, mvua zinanyesha? Akishakuzoea kidogo mwambie mko na bibi na watoto, afu uliza hivi: maji yanatoka siku zote au kwa zamu, na simtank lipo la lita ngapi? Umeme ukikatika mnafanyaje? Vyandarua vipo vya kila kitanda na havina matundu? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, maana bibi wa magoti hili ndo swali la kwanza kwake ingawa hatalisema. Kutoka getini mpaka barabara ya lami kuna mlima? Jirani yenu kuna baa au ukumbi wa sherehe? Na kama ni gesti uliza bila aibu, mama nisamehe, hapo kwenu mnapokea wageni wa masaa? Akisita, shukuru uage. Gesti ya wageni wa masaa milango inagongwa usiku kucha na siyo mahali pa kumlaza mtoto.

Mwombe pia akurekodie video fupi ya WhatsApp akitembea kutoka barabarani mpaka chumbani bila kukata. Picha wanachagua, video ya kutembea inaonesha mtaro, ngazi, jirani na kelele. Wanaokataa kabisa hata kijana wao asirekodi, mi huwa siendelei nao. Hela ya kushikia nyumba tuma kidogo, na jina linalotokea kwenye simu wakati wa kutuma lilingane na uliyeongea naye. Vitambulisho vya watu wazima wote mje navyo, Kigoma ni mkoa wa mpakani na kuulizwa ni jambo la kawaida.

Mkifika lipeni usiku mmoja tu kwanza, mwambieni mwenyeji tukipenda tunaongeza. Ile jioni saa moja mtu mmoja mzima atoke atembee mtaa mzima, aone taa zipo, aone duka la dawa linafungwa saa ngapi, asikilize. Alfajiri atoke tena aone bajaji ya kwanza inapatikana saa ngapi na uji unauzwa wapi. Asubuhi muulizeni bibi kalalaje, na mkimuuliza msimuulize mbele ya mwenye nyumba kwa sababu atasema amelala vizuri tu. Akisema hapana, funganyeni kabla ya saa nne ili msichajiwe siku ya pili, bajaji mbili zinawatosha kuhama na mizigo yote.