Oveni ya umeme inayoangusha breka: namna ya kuitafuta hitilafu

Kila ikikaribia Ramadhani, oveni zilizokaa juu ya kabati miezi mingi zinashushwa, na malalamiko huwa yale yale: nikiwasha tu, nyumba nzima giza. Kina dada wanaooka keki na mikate ya kuuza wanapoteza unga, mayai na wateja kwa ajili ya kitu ambacho mara nyingi ni koili moja tu, lile bomba linaloipasha oveni moto. Kazi ya kutafuta huanzia kwenye boksi la breka, oveni baadaye.

Onyo kabla ya yote: usifungue kitu mpaka uchomoe plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Oveni iliyofungwa moja kwa moja ukutani, zima meni swichi kisha upime kwa mita ya mkononi ya fundi kama kweli umeme haupo. Ikiwa hujawahi kushika mita, fanya hatua mbili za mwanzo, halafu mwite fundi umweleze ulichokiona.

Hatua ya 1: breka ipi imeanguka?

Ikianguka ile pana yenye kitufe kilichoandikwa T na alama ya 30mA, umeme unavuja. Unaingia kwenye bati la oveni na kwenda ardhini badala ya kurudi kwa waya wa nyutro. Ikianguka ile nyembamba iliyoandikwa 16A, 20A au 32A, basi ama kuna shoti, ama mzigo umezidi. Haya ni maradhi mawili mbalimbali, na fundi anayeanza kubadilisha vifaa kabla ya kuuliza suali hili anabahatisha kwa pesa zako.

Hatua ya 2: inaanguka wakati gani?

Papo hapo unapochomeka, kabla ya kugusa kitufe chochote: shuku waya wa plagi na nyaya za ndani. Unapochagua moto wa juu au wa chini: shuku koili ya upande huo. Baada ya dakika kadhaa, oveni ikishapata moto: koili inavuja ikipata joto, au mzigo ni mkubwa kwa breka. Unapofungua mlango: angalia waya unaosuguliwa na bati, au taa ya ndani.

Hatua ya 3: pima koili

Hapa ndipo ninapotaka mtu atulie. Ndani ya bomba la koili mna waya unaotoa joto, uliozungukwa na unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu. Unga huo unapitisha joto na kuzuia umeme, lakini unafyonza unyevu. Oveni ikikaa masika nzima bila kuwashwa, katika hewa yetu hii ya bahari, unyevu unapenya kwenye ncha za koili na umeme unapata njia ya kufika kwenye bati.

Fungua mfuniko wa nyuma na piga picha ya nyaya kwa simu. Chomoa nyaya zote mbili za koili. Ukichomoa mmoja tu utadanganyika, kwani uvujaji hupita hata upande wa nyutro. Pima baina ya ncha mbili: kwa volti 230, koili ya wati 2000 inasoma kama omu 26, na ya wati 1200 kama omu 44. Halafu weka waya mmoja wa mita kwenye ncha na mwengine kwenye bomba lenyewe. Hapo mita isisome kitu, ibaki kama vile nyaya zake hazijagusa popote. Ikisoma kiloomu chache, umempata mwizi.

Ila mita ya kawaida inapima kwa volti ndogo sana, na koili inaweza kuonekana nzima ikiwa baridi. Fundi mwenye mega, yaani mita ya kupimia uvujaji kwa volti kubwa, ataipima kwa volti 500, na asome angalau megaomu 1. Angalia na macho pia: ufa mwembamba kwenye pindo la koili, pembeni yake doa la unga mweupe uliotoka, na hapo huhitaji mita tena.

Hatua ya 4: koili ikiwa nzima

Kagua ncha za nyaya. Chumvi inazila, zinalegea, zinapata moto na ganda la waya linaungua. Kagua feni na taa, na utazame kama panya au mijusi wameingia nyuma.

Masuali mliyoniuliza

Kutoka Wete: Assalamu alaykum fundi. Oveni yangu nimeizima kwenye swichi ya ukutani, lakini ile breka ya T bado inaanguka. Inakuwaje?

Waalaykumu salaam dada. Swichi nyingi za soketi zinakata waya wa moto peke yake. Nyutro yako imegusa bati, kwa hivyo uvujaji unaendelea hata swichi ikiwa imezimwa. Chomoa plagi, breka ikisimama, hitilafu imo ndani ya oveni.

Kutoka Mwanakwerekwe: Fundi aliyekuja aliukata waya wa kijani na manjano. Sasa breka haikati tena. Nimelipa, je kazi imekwisha?

Haijaisha, na nakuomba uichomoe oveni hiyo sasa hivi. Umeme bado unavuja, ila umekosa njia ya ardhini. Bati zima lina umeme na linamsubiri mtu aliyekanyaga sakafu mbichi. Mrudishe fundi aurudishe waya, kisha itafutwe koili inayovuja.

Kutoka Mkunazini: Inaanguka ile ya 16A, baada ya muda, na hasa tukiwasha birika. Niweke ya 32A?

Usiweke. Oveni ya wati 2000 na birika la wati 2000 zinavuta karibu ampea 17.4 kwa pamoja, na breka inafanya kazi yake. Ukiweka kubwa, waya wa ukutani ndio utakaoungua, nawe huuoni. Chemsha chai kwanza, au mwambie fundi aivutie oveni laini yake kutoka kwenye boksi, kwa waya na breka zinazolingana.

Kutoka Kiembesamaki: Koili yenye unyevu haiwezi kukaushwa?

Inawezekana ikiwa haina ufa. Itoe, iweke ndani ya oveni ya gesi kwa moto mdogo saa kadhaa, ipoe, kisha ipimwe kwa mega. Jua peke yake halitoshi. Ikishindwa, nenda nayo dukani mkononi, ulinganishe wati, urefu na ncha zake.