Mwenyeji wa mfanyakazi mpya awe aliyeajiriwa majuzi

Tumeanza kufanya hivi kazini na naona kunasaidia kuliko kijitabu cha kanuni: mfanyakazi mpya akiripoti, usimkabidhi kwa mkongwe wa idara. Mkabidhi kwa yule aliyeajiriwa mwisho kabla yake, mwenye miezi mitatu hadi sita hivi, na umwombe huyo aandike ukurasa mmoja tu wa mambo ambayo yeye hakuna aliyemwambia. Bosi anaitwa kwa jina au kwa cheo? Ujumbe wa saa mbili usiku unajibiwa usiku huohuo au unasubiri asubuhi? Ukipinga hoja kikaoni, unapinga palepale au unamfuata mhusika pembeni baadaye? Utamaduni wa kampuni umo humo hasa, si kwenye yale maneno makubwa yaliyobandikwa mapokezi. Mkongwe ameyazoea mambo hayo madogo mpaka hayaoni tena. Huyu wa majuzi bado anakumbuka yalivyomtatiza, na mgeni haoni haya kumuuliza swali analohisi ni la kijinga. Isitoshe, mwandishi wa ukurasa naye anaanza kujiona mwenyeji. Ila meneja asiuhariri ukurasa huo, maana ukishasafishwa unageuka tangazo. Njia hii haifai pale huyo wa majuzi mwenyewe hajatulia, au ana kinyongo na kazi: atamrithisha mwenzake manung'uniko. Na habari za usalama, mishahara na nidhamu zibaki kwa msimamizi na idara ya rasilimali watu.