Somo: kutia rangi seli za kalcha kwa kingamwili

Naandika mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii tu. Seli ziko kwenye vioo vyembamba, unatafuta keratini (epitheliamu) na vimentini (fibroblasti). Angalizo, HeLa (seli za saratani ya mlango wa kizazi) zina zote mbili, vimentini peke yake isikudanganye.

1. Osha na PBS (maji ya chumvi yenye bafa).
2. Fiksi (zigandishe zilivyo), fomaldehaidi 4%, dakika 15, ndani ya chemba ya kuvuta hewa.
3. Osha mara tatu.
4. Triton X-100 (sabuni inayotoboa utando ili kingamwili iingie) 0.1%, dakika 10. Protini ikiwa nje ya utando, ruka.
5. Bloki (ziba sehemu ambazo kingamwili zingenata ovyo) na seramu 5%, saa 1. Hapa ndo watu wanaharibu. Kingamwili ya kwanza inashika protini unayoitafuta, ya pili ina rangi inayowaka na inashika ya kwanza. Seramu iwe ya mnyama aliyetoa kingamwili ya PILI. Kama ya pili ni ya mbuzi dhidi ya panya, seramu ni ya mbuzi. Ukiweka ya panya, ya pili inaifuata hiyo seramu popote iliponata, kioo kizima kinawaka kijani na wewe unashangilia bure. Toka hapa seli ZISIKAUKE, zikikauka zinanasa kila kitu. Na lazima kioo kimoja kikose kingamwili ya kwanza, kikiwaka nacho matokeo yako hayana maana.
6. Ya kwanza, usiku kucha, friji 4°C.
7. Osha, ya pili saa 1 gizani.
8. DAPI (rangi ya viini vya seli) dakika 5, osha, bandika kwenye slaidi.

MASWALI

– Mkuu imekataa, nifanyeje?
Imekataaje? Ya kwanza ya mnyama gani, ya pili dhidi ya nani? Mi sio mganga.

– Ya kwanza ya sungura, ya pili dhidi ya panya.
Ndo jibu lako hilo. Agiza ya pili dhidi ya sungura.

– Kingamwili zangu ni kidogo, naweza kubana matumizi?
Swali zuri. Tandika Parafilm (utando wa nta usiolowa) ndani ya boksi lenye mfuniko, weka tishu iliyolowa pembeni, dondosha mikrolita 40 halafu lazia kioo cha mm 12 juu ya tone, seli zikiangalia chini. Ukitaka kukitoa ingiza PBS chini yake kielee kwanza, usikikwangue.

– Metanoli je?
Inafaa, ya -20°C, dakika 10, Triton huihitaji tena. Ila kama utaonyesha aktini (nyuzi za ndani ya seli) kwa phalloidin, sumu ya uyoga inayoishika, metanoli usiiguse, haitashika.

– Sisi hadubini ya fluoresensi hatuna, tunatumia HRP (kimeng'enya kwenye kingamwili ya pili) na DAB (kemikali ambayo HRP inaigeuza kahawia).
Safi tu, keratini inatoka kahawia vizuri. Angalia bafa isiwe na sodiamu azaidi (ya kuzuia bakteria), inaua HRP.

– Kingo za kioo mi naziba na rangi ya kucha.
Wote tunaziba nayo. Isiyo na rangi lakini.

– Yenye glita?
Hapana jamani.