Matofali ya kufungamana: yanaanzia kwenye udongo, siyo kwenye mashine

Matofali ya kufungamana ya udongo na saruji hushindiliwa kwa mashine, hayachomwi. Kwa anayejenga kijijini Tanzania, hilo peke yake ni sababu ya kuyafikiria, maana tanuri la matofali ya kuchoma hula magogo mengi, na miti inayokatwa ni ileile inayoshika udongo mlimani na kutoa kuni za jikoni. Lakini zipo nyumba za matofali haya ambazo kona zake zinamumunyuka baada ya misimu miwili ya masika, na lawama huangukia mashine. Mara nyingi mashine haina kosa. Kosa lilifanyika siku ya kuchagua udongo, au wiki ile matofali yalipoachwa bila maji.

Tofali linalozungumziwa hapa ni lile la kawaida kwetu: urefu milimita 300, upana 150, kimo 100, lina matundu katikati na vifundo juu vinavyoingia kwenye mashimo ya tofali la juu yake. Mashine zake ni kizazi cha ile ya mkono iliyobuniwa Colombia miaka ya 1950, CINVA-Ram, na hapa nchini Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza matofali haya kwa muda mrefu. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula matofali 33 na ushei. Nyumba ndogo yenye kuta za jumla ya mita 36 kwenda juu mita 2.6, ukitoa milango na madirisha, inabaki na kama mita za mraba 82. Hayo ni matofali 2,730. Ongeza asilimia 5 ya yatakayovunjika, andaa 2,870.

Udongo

Udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 30 hadi 50 za kwanza, weka kando kwa ajili ya bustani. Mabaki ya majani na mizizi yanazuia saruji isishike, na tofali lake hubaki laini hata ungelimwagilia mwezi mzima. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania viatu wakati wa mvua, achana nao kabisa: unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na saruji kidogo haiwezi kuutuliza. Unaofaa zaidi ni mwekundu wenye chengachenga za mchanga. Kama unachimba shimo la choo au la maji taka na udongo wake ni wa aina hiyo, usilipe lori likautupe. Chukua sampuli kila unapofika kina kipya, maana udongo wa mita moja na wa mita tatu unaweza kutofautiana sana.

Kipimo cha kwanza ni chupa. Chukua chupa angavu ya lita moja, jaza udongo theluthi, ongeza maji hadi karibu ijae, tia chumvi kidogo, tikisa sana, iache imetulia hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Pima kila tabaka kwa rula. Mchanga na changarawe zikiwa kama sehemu 7 kati ya 10, uko pazuri. Ukikosa mfinyanzi kabisa, tofali litabomoka mikononi wakati wa kulitoa kwenye mashine. Mfinyanzi ukizidi, litapasuka likikauka.

Kipimo cha pili ndicho kinachokupa kiasi cha saruji, na ndicho ambacho mafundi wengi wanakiruka. Tengeneza kisanduku cha mbao kisicho na mfuniko: ndani urefu sentimita 60, upana 4, kina 4. Kipake mafuta ndani. Chekecha udongo, ulowanishe mpaka uwe kama tope zito linaloshikamana, ujaze kisandukuni huku ukibonyeza pembeni usiache mapengo, kisha sawazisha juu. Uache juani siku 3, au kivulini siku 7. Ukishakauka, usukume wote upande mmoja, pamoja na vipande kama umekatika, halafu pima pengo lililobaki upande wa pili:

- Chini ya milimita 12: saruji ndoo 1 kwa udongo ndoo 18.
- Milimita 12 hadi 24: 1 kwa 16.
- Milimita 25 hadi 39: 1 kwa 14.
- Milimita 40 hadi 50: 1 kwa 12.

Pengo likizidi milimita 50, usikimbilie kuongeza saruji. Ongeza mchanga wa mto, ndoo moja kwa ndoo nne za udongo kwa kuanzia, kisha rudia kipimo. Mchanga ni rahisi kuliko saruji, na hapo ndipo ilipo akiba halisi ya ujenzi huu.

Kuchanganya

Udongo uwe mkavu, upondwe, upitishwe kwenye chekeche ya matundu ya milimita 5 au 6. Bonge la mfinyanzi lenye ukubwa wa punje ya mahindi litaonekana zima ndani ya tofali, na baada ya mvua kadhaa litaacha tundu.

Pima kwa ndoo, siyo kwa chepe. Chepe la asubuhi na chepe la saa nane mchana, fundi akiwa amechoka, si sawa. Mfuko wa kilo 50 una kama lita 35 za saruji, kwa hiyo kwa kipimo cha 1 kwa 16 unahitaji lita 560 za udongo, yaani ndoo 28 za lita 20. Mfuko huo utatoa matofali 80 hivi. Ukihesabu jioni ukakuta 110 kwa mfuko, jua saruji imepunjwa mahali. Kwa nyumba ya mfano wetu ni mifuko kama 36 kwa matofali peke yake. Msingi na lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, vina hesabu yao.

Usichanganye mfuko mzima kwa mara moja. Saruji inaanza kushika mara inapokutana na unyevu, na mchanganyiko uliokaa zaidi ya dakika 45 umeshapoteza nguvu, hata ukiongeza maji ukarudi kuonekana mzuri. Nusu mfuko inatosha kwa mashine moja ya mkono. Changanya vikavu kwanza, geuza mara tatu au nne mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji kidogo kidogo kwa keni ya kumwagilia bustani.

Kujua maji yametosha, finyanga bonge kwa kiganja, linyanyue usawa wa bega, liachie lianguke kwenye sakafu ngumu. Likipasuka vipande vinne au vitano, endelea. Likisambaratika kuwa vumbi, maji bado. Likijipachika chini kama chapati, maji yamezidi, na tofali lake litanata kwenye mashine na kusinyaa.

Kushindilia na kukomaza

Kila tofali lijazwe kwa kopo lilelile, lililosawazishwa kwa ubao. Ukiacha mashine ijazwe kwa kukadiria, matofali yatatofautiana kimo, na kwa kuwa hakuna saruji ya kusawazisha kati ya mistari, tofauti ya milimita 3 kwenye mistari 25 inakuwa sentimita 7.5 juu ya ukuta. Pima kimo cha tofali moja katika kila kumi. Tofali bichi libebwe kwa viganja viwili kwenye ncha zake, lisishikwe kwenye vifundo.

Lipange kivulini, juu ya nailoni, mstari mmoja, bila kupandisha jingine juu yake siku ya kwanza. Ardhi tupu hufyonza maji ya upande wa chini, na tofali linakuwa na nguvu upande mmoja tu. Funika kwa nailoni siku hiyohiyo. Kuanzia siku ya pili mwagilia asubuhi na jioni, uendelee siku 7 bila kukosa hata moja, na kila ukimaliza rudisha nailoni. Baada ya hapo unaweza kuyapanga kwa mirundo ya mistari mitano. Usijengee kabla ya siku 14, na ukiweza subiri 28. Saruji inapata nguvu kwa kunywa maji. Tofali lililokauka siku ya pili limeacha kukomaa hapo hapo, na kulimwagilia wiki inayofuata hakurudishi kilichopotea.

Kabla ya kujenga, chukua matofali matatu popote kwenye rundo, yaloweke maji usiku kucha. Asubuhi kwangua kwa msumari. Ukiacha alama tu, sawa. Msumari ukichimba na matope yakitoka, rundo hilo lisipande ukutani.

Ukutani

Msingi wa mawe au zege unyanyuke angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na juu yake ipite nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Panga mstari wa kwanza ukavu nyumba nzima, ona kama kona na milango vinakubaliana, ndipo uulaze kwenye saruji na mchanga kwa pima maji na uzi. Mpe fundi siku nzima kwa mstari huo, kwa sababu yote yanayofuata yanaufuata. Mistari ya juu hupangwa bila saruji, kwa nyundo ya mpira, ukikagua kwa timazi kila baada ya mistari mitatu.

Kwenye kona, kwenye makutano ya kuta na pande zote mbili za milango na madirisha, teremsha nondo kwenye matundu na mimina rojo ya saruji na mchanga. Mabomba ya umeme yapite kwenye matundu wakati ukuta unapanda. Ukija kuyachimbia baadaye kwa patasi unaukata ukuta. Lenta izunguke nyumba nzima, na paa litoke nje angalau sentimita 60.

Bafu na jikoni panapomwagika maji, piga plasta ya saruji. Kwingine ziba viungo tu. Na ukiona tofali la chini limeanza kumumunyuka, kwangua kilicholegea, lowanisha, jaza kwa mchanganyiko uleule wa udongo na saruji, funika kwa gunia bichi siku 7, kisha fuatilia maji yanatoka wapi: mara nyingi ni tone la bati linalopiga chini na kurukia ukutani, na dawa yake ni mtaro wa kokoto wa upana wa sentimita 50 chini ya ukingo wa paa.