Fangasi ya ukucha: tupa ya kucha kwanza, mafuta baadaye

Ukucha wa kidole gumba cha mguu ukiwa mnene, wa njano na unamenyeka pembeni, usikimbilie kupaka kitu. Fangasi anakaa chini ya ukucha, na mafuta yakipakwa juu yake ukiwa mgumu hivyo yanaishia hapo hapo juu. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika 15, kausha, kata sehemu iliyoachana na nyama, kisha sugua kwa tupa ya kucha taratibu mpaka ukucha uwe mwembamba. Usifike kwenye nyama.

Sasa dondoshea mafuta ya mti wa chai (tea tree oil), asubuhi na usiku, yaingie hadi chini ya ncha. Ya karafuu nayo hutumika, ila ni makali: yachanganye na ya nazi, la sivyo ngozi itawaka. Siki mimi siitegemei. Kitunguu saumu kilichopondwa ukikifunga usiku kucha kinaweza kukuunguza, na dawa ya kung'arisha nguo usithubutu.

Tupa na neilikata yako usimwazime mtu. Raba zianike juani.

Ukucha huo huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota wote, kwa hiyo angalia shinani: kipande kipya kikitoka safi, endelea. Fangasi akishafika shinani, mafuta pekee mara nyingi hayamwezi. Hapo ni vidonge vya daktari. Na mwenye kisukari aende hospitali moja kwa moja, hata tupa asiiguse.