Somo: Utafiti unaoanzia ndani yako

Ndugu zangu wanasihi, utafiti wa kihuristiki, yaani kuchunguza hali uliyoipitia wewe mwenyewe, ulianzia kwenye uchungu wa mzazi. Clark Moustakas, mwanasaikolojia wa Detroit, Marekani, alitakiwa kuamua kama binti yake mdogo afanyiwe upasuaji wa moyo. Alijikuta katika upweke ambao hakuna aliyeweza kumtua. Akaufanya swali. Mwaka 1961 alitoa kitabu kuhusu upweke, na mwaka 1990 akazipanga hatua zake sita. Jina kihuristiki limetokana na neno la Kigiriki la kugundua.

Tuchukue mwanasihi aliyefiwa na mama yake, naye kila wiki anawapokea wafiwa.

1. Tafuta swali linalokunyima usingizi. "Ikoje hali ya kumsikiliza mfiwa huku msiba wangu haujapoa?" Ukitaka asilimia, njia si hii.

2. Zama ndani ya swali hilo. Daftari liwe kando ya mto wa kulalia. Andika ndoto, harufu ya ubani, koo linavyokauka mteja akitaja kaburi.

3. Liache swali lipumzike. Funga daftari, kalime, katembelee jamaa. Hatua hii wengi huiruka, na mimi niliiruka kwa kuogopa tarehe ya kuwasilisha ripoti. Nilichoandika kilikuwa kile kile nilichokijua kabla sijaanza. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu wafiwa walionipa muda wao walistahili zaidi.

4. Mwanga huja wenyewe. Pengine unachota maji, ghafla unatambua: kinachokausha koo si huzuni, ni wivu. Mteja ana wa kumsikiliza. Wewe hukuwa naye.

5. Fafanua. Yapime uliyoyaona kwa simulizi za wengine waliopitia hali hiyo. Moustakas aliwaita watafiti wenza. Andika taswira ya yale aliyopitia kila mmoja, mrudishie aisome. Akisema "sivyo", unayerekebisha ni wewe.

6. Unganisha yote katika umbo moja: simulizi, shairi, hata mchoro.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Hii si kujisimulia tu?*

Marahaba. Ingekuwa hivyo kama ungeishia hatua ya nne. Wivu wako ni dokezo tu. Watafiti wenza wasipouona kwao, sema hivyo waziwazi kwenye ripoti.

*Nimefiwa miezi miwili iliyopita. Naweza kuanza sasa?*

Pole sana, dada yangu. Usianze. Kwanza pata mwanasihi wako mwenyewe, ulie kwake bila daftari. Hata ukianza baadaye, usimwache, maana hatua ya pili hufukua mengi.

*Je, niliyoyasikia kwa wateja wangu naweza kuyatumia?*

Bila ridhaa yao, hapana. Walikuja kutafuta nafuu. Na ridhaa yenyewe ina mtego: mteja anayekutegemea huona aibu kukukatalia. Mimi watafiti wenza nawatafuta nje ya chumba changu cha unasihi. Kuficha jina pia hakutoshi. Mtaani kwetu, ukitaja tu mjane mwenye duka karibu na msikiti, kila mtu amemjua.